Baba Mluguru, mama Mchaga: mtoto ni wa ukoo upi?

#1 MwanaMatombo

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nimekaa nao moyoni tangu tulipomaliza msiba wa mzee mwaka jana. Leo naona nimetulia, naweza kuuandika. Ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Baba yangu ni Mluguru wa Matombo. Mama ni Mchaga wa Marangu. Walikutana Morogoro mjini, wote walimu, wakafunga ndoa kanisani, wakatuzaa watatu. Nyumbani tuliongea Kiswahili. Desemba tulipanda basi kwenda Marangu, likizo ya katikati tulipanda mlima kwa bibi mzaa baba. Sikuwahi hata siku moja kujiuliza mimi ni wa wapi. Nikiulizwa kabila nilisema Mluguru, kwa kuwa baba ni Mluguru, na hakuna aliyenibishia.

Tulimzika baba Matombo, kwenye makaburi ya kwao. Siku ya kumaliza msiba wazee wakatandika mkeka uani, vikaletwa vitu vyake: panga, jembe, koti la mvua, fimbo yake ya kupandia mlima na redio ndogo ya betri. Mimi ndiye mtoto wa kiume wa kwanza. Nilikaa mbele kabisa, miguu nimekunja, nikisubiri kuitwa. Akaitwa mtoto wa shangazi yangu. Akapewa panga na fimbo, akaambiwa mbele ya watu wote kwamba kuanzia leo yeye ndiye anasimama pale alipokuwa amesimama mjomba wake.

Likafuata la shamba. Ni kipande cha mteremko, kama ekari mbili hivi, kina migomba, minanasi na mikarafuu 14 ambayo baba aliipanda kwa mkono wake. Nakumbuka miche mitatu ya mwisho mimi ndiye niliyeibeba kwenye ndoo. Mzee mmoja akasema kwa upole, wala hakuna aliyepandisha sauti: "Shamba ni la tombo. Linarudi kwa wenyewe." Tombo ni tawi la ukoo wa mama.

Nilihisi kizunguzungu. Usiku nikampigia mjomba wangu wa Marangu, nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanijibu: "Pole sana mwanangu. Lakini wewe una kwenu. Huku kihamba, yaani shamba la ukoo, ni cha watoto wa kiume wa ukoo huu. Wewe ni mpwa wetu, Desemba njoo kama kawaida."

Nimetafakari miezi mingi mpaka nikaelewa kilichonipata, na hakuna mtu mbaya katika habari hii. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo kwa hesabu yao mimi ni wa Marangu. Kwa Wachaga mtoto ni wa ukoo wa baba yake, kwa hiyo kwa hesabu yao mimi ni wa Matombo. Kila upande unanionyesha njia ya kwenda kwa mwenzake. Geuza wazazi sasa: baba awe Mchaga, mama awe Mluguru. Mtoto huyo ana ukoo pande zote mbili! Damu zilezile mbili, milima ileile miwili, mmoja ana kwao kuwili na mwingine hana hata kumoja.

Nawaomba wanaojua mila za kwao waseme mtoto huhesabiwaje, na kwa nini. Nataka kuelewa.

#2 KihambaKimoja

Pole sana mkuu kwa msiba. Mjomba wako hakukufukuza, amekuambia sheria ilivyo. Ngoja nikufungulie ya kwetu, labda itakupunguzia uchungu.

Kihamba si shamba tu. Ndani yake kuna migomba, kahawa, zizi, nyumba, na chini kuna makaburi ya wazee. Ukiona mimea ya masale imepandwa mpakani ujue hapo ni kwa watu. Na hata sisi tuliozaliwa na baba Mchaga hatupati wote. Kwa mila ya wengi wetu, wa kwanza na wa mwisho ndio wenye uhakika: wa mwisho anabaki kwenye nyumba ya wazazi anawatunza, wa kwanza anapewa sehemu yake. Sisi wa katikati tunaambiwa nenda katafute. Unafikiri kwa nini Wachaga wamejaa kila mji wa nchi hii wakifanya biashara? Ardhi ya mlimani iliisha zamani, na mila ikawa na watoto wa kati wa kuwatoa nje.

Mimi ni wa tatu kati ya wanaume watano. Nilipewa baraka na nauli. Kwa hiyo tuko wengi tusio na kihamba, ila tofauti yangu na wewe ni hii: mimi nikifa ukoo utakaa kikao juu ya maiti yangu. Hilo ndilo ulilolipoteza, na naelewa linauma kuliko ekari mbili.

#3 Chapati_Moto

Kwa hiyo Uluguru wanawake ndio watawala? Maana nimesikia mwanaume huko hana sauti.

#4 MwanaMatombo

@KihambaKimoja umenigusa palepale panapouma. Ahsante.

@Chapati_Moto hapana, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Ukoo kupita kwa mama si sawa na mama kutawala. Kwenye ule mkeka waliokuwa wanaongea wengi ni wanaume. Ila ni wanaume gani? Ni kaka za mama na watoto wa kiume wa dada. Mamlaka hayatoki kwa baba kwenda kwa mwana, yanatoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Baba ana nguvu sana, lakini nguvu zake ziko kwa dada yake, kwenye nyumba asiyolala yeye.

Kiluguru ukoo mkubwa unaitwa lukolo. Watu wa lukolo moja hawaoani. Ndani yake kuna matawi, na tawi linaitwa tombo, yaani titi: watu walionyonya kwa bibi mmoja ukirudi nyuma vizazi kadhaa. Hata Matombo yenyewe imepata jina kwa miamba yake miwili inayofanana na matiti. Nilikulia nikiitazama miamba ile kila likizo, sikujua kwamba ilikuwa inanieleza kwa nini shamba la bibi halitakuwa langu.

Ardhi ilikuwa ya tombo, ikisimamiwa na mkuu wake. Asiye wa tombo aliweza kulima kwa ruhusa, akitoa kitu kidogo kila mwaka kinachoitwa ngoto, ishara ya kukiri kwamba shamba lina wenyewe. Mgeni wa namna hiyo alilima mahindi au maharage, si miti ya kudumu, kwa sababu mti unaishi kuliko makubaliano, na kesho mwenye mti atasema ni mwenye ardhi. Baba alipopanda mikarafuu alikuwa kwenye ardhi ya tombo lake, haki yake kabisa. Mimi niliyebeba miche ndiye niliyekuwa mgeni.

Na msidhani baba hana nafasi kwa watoto. Ukoo wa baba unaitwa mtala, na jina la mtoto hutoka huko. Kwa mama unapata mahali pa kusimama, kwa baba unapata jina la kuitwa.

#5 TunduruYetu

Naomba niongeze nyama. Ulichokieleza si cha Waluguru peke yao. Chukua ramani: Wakaguru, Wakutu, Wakwere, Wazaramo, Wanguu, Wazigua. Shuka kusini: Wamwera, Wamakonde, Wamakua, sisi Wayao. Vuka mpaka uingie Msumbiji, Malawi kwa Wachewa, Zambia kwa Wabemba. Ni mkanda mmoja mrefu wa watu wanaohesabu ukoo kwa mama.

Kwetu Wayao kuna neno mbumba. Ni kundi la dada na watoto wao, lililo chini ya kaka mmoja. Heshima ya mwanaume ilipimwa kwa ukubwa wa mbumba yake, yaani dada wangapi wanakaa chini ya ulinzi wake, si kwa idadi ya wake. Mwanaume akioa huenda kukaa kijijini kwa mke. Malawi wanamwita mkamwini. Analima, anajenga, anazaa, lakini mtoto akiumwa au akikosa, anayeitwa kuamua ni mjomba. Babu yangu aliishi hivyo miaka 40. Alikuwa akisema nyumbani kwake ni mahali ambapo hayupo.

Na angalia mahari. Kusini mahari yetu ilikuwa ndogo sana, wakati mwingine kazi ya kulima kwa wakwe. Kwa nini? Kwa sababu mwanaume hakuwa ananunua... hapana, nifute neno hilo, si zuri. Hakuwa anahamisha watoto kuwapeleka kwao. Watoto wanabaki palepale, basi ng'ombe wa nini?

#6 Kwimba_Halisi

@TunduruYetu umegonga penyewe. Kwetu Usukumani ng'ombe ndio wanaosema mtoto ni wa nani. Ng'ombe wametoka, watoto ni wa baba. Ng'ombe hawajatoka, mwanaume anaweza kuishi na mwanamke miaka kumi na watoto wakahesabiwa kwa babu mzaa mama. Nimeona kwa macho yangu mzee wa miaka zaidi ya 60 akimalizia ng'ombe wa mahari ya mkewe ili binti yao aolewe yeye akiwa amekaa kwenye kiti cha baba. Walipofika ng'ombe wale watatu uani yule mzee alilia, na mkewe akamfuta machozi kwa kanga. Watu wa mjini wakisikia mahari wanawaza bei. Kwetu ni karatasi ya kuzaliwa ya watoto, imeandikwa kwa ng'ombe.

#7 MtoMara

Mimi ni Mkuria, na kwetu hilo la ng'ombe linafika mbali zaidi. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume, ana ng'ombe, anaweza kuoa. Ndiyo, kuoa. Inaitwa nyumba ntobhu. Anatoa mahari kwa wazazi wa binti, binti anakuja kuishi kwenye mji wake, anazaa na mwanaume atakayekubalika, na watoto ni wa yule mama aliyetoa ng'ombe. Wanabeba jina la nyumba yake na wanarithi kwake. Mambo ya mapenzi kati ya wanawake hao wawili hayamo kabisa. Shabaha ni nyumba isizimike.

Bibi yangu mdogo alioa hivyo. Watoto wale tulikua nao, tuliwaita baba wadogo, na hakuna aliyewahi kuwauliza baba yenu aliyewazaa ni nani. Swali lenyewe lilikuwa ni tusi. Wanandi wa Kenya nao wana mila ya namna hiyo, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua katika shauri la mirathi.

Sisemi yote ni mazuri. Wapo mabinti wanaolazimishwa, wadogo mno, na hilo nalipinga popote. Ila kwa mtoa mada: umeona? Ukoo ni jambo linalotengenezwa. Damu haitoshi peke yake.

#8 BintVikokotoni

Assalaam alaykum. Nimeusoma uzi wote, na pole kwa msiba, Mungu amrehemu mzee.

Mie kwetu Unguja lakini bibi mzaa mama ni Mngazija, mtu wa kisiwa cha Ngazija huko Komoro, na ya Ngazija yatakushangaza. Watu wa huko ni Waislamu tangu karne na karne, wanajua fungu la mwanamke na la mwanamume kama kitabu kinavyosema. Lakini wana ardhi na nyumba zinazoitwa manyahuli, nazo hupita kwa wanawake tu, mama kwa binti, hazigawanywi wala haziuzwi ovyo. Ukoo wenyewe, inya, ni wa mama. Binti hujengewa nyumba na wazee wake na kaka zake, na mume ndiye anayehamia. Wakiachana, anayetoka na begi ni mume. Bibi alikuwa akisema: mwanamke anayefukuzika nyumbani kwake, huyo hana kaka.

Na harusi kubwa ya huko, ile ya ada, mwanamume asipoifanya hawi mtu mzima mbele ya mji, hata awe na mvi na shahada. Anaweka akiba miaka, wengine wakiwa Ufaransa, aje arudi aifanye kijijini kwao.

Jengine, nalo ni la lugha. Tunasema binamu bila kufikiri. Neno limetoka Kiarabu, bin ammi, mtoto wa ami, yaani mtoto wa ndugu wa kiume wa baba. Kwa Waarabu huyo unaweza kumuoa, tena ndiye anayependelewa. Sasa angalia Kiswahili cha bara kilivyoligeuza: mtoto wa baba mdogo wanasema ni ndugu yangu kabisa, na jina la binamu wakalipeleka kwa mtoto wa mjomba na wa shangazi. Neno limebaki lakini mtu wake amebadilishwa.

#9 MwanaMatombo

Bi dada BintVikokotoni, hilo la binamu limenifungua macho. Ngoja nilimalizie maana nimelisoma.

Mwingereza ana neno moja tu kwa kaka wa baba na kaka wa mama. Sisi hatuwezi kuwachanganya hata tukilala. Kaka wa baba ni baba, mkubwa au mdogo. Dada wa mama ni mama, mkubwa au mdogo. Lakini kaka wa mama ni mjomba na dada wa baba ni shangazi. Kwa nini? Kwa sababu hesabu ya ukoo inapinda pale. Watoto wa baba mdogo na wa mama mdogo ni kaka na dada zako. Watoto wa mjomba na shangazi wako upande wa pili wa mstari, kwa hiyo kwa makabila mengi unaweza kuwatania, na kwa baadhi kuwaoa.

Mmarekani mmoja, Lewis Henry Morgan, alilikuta jambo hilohilo kwa Waseneka, wenyeji wa asili wa New York, mtu anamwita kaka wa baba "baba", akashangaa kiasi cha kukusanya maneno ya undugu ya mataifa mengi ya dunia na kuyachapisha mwaka 1871. Kumbe angekaa jikoni kwa bibi yangu siku moja angeyasikia yote.

#10 MwanaKwale

Salamu kutoka Kwale, pwani ya Kenya. Sisi Waduruma tuko katikati yenu nyote. Mtu ana ukulume, ukoo wa upande wa baba, na ukuche, ukoo wa upande wa mama, na vyote viwili vinafanya kazi. Zamani makao na ardhi vilifuata ukulume, mifugo na mali ya kuhamishika vikaelekea kwa wapwa kupitia ukuche. Siku hizi watoto wanadai kwa baba yao na ugomvi wa wapwa umepungua sana, ila ukuche bado unatajwa kwenye misiba. Jirani zetu Wadigo nao walikuwa na urithi wa upande wa mama, na Uislamu ulipoingia kwa nguvu wakavutana miaka mingi: mali ya marehemu iende kwa wapwa au kwa watoto?

MwanaMatombo, ungezaliwa kwetu ungekuwa na pa kushika. Swali langu ni moja: mama yako atazikwa wapi?

#11 Sheria_Kijijini

Nimefanya kazi ya msaada wa sheria vijijini, naomba nitoe mchango kwa upande huo.

Tamko la sheria za mila la 1963, lile ambalo mahakama hulitumia kwenye mirathi ya kimila, liliandikwa kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Waluguru na wenzao hawamo, mila yao inabidi ithibitishwe kwa wazee. Ndiyo maana mashauri ya huko huwa marefu.

Pili, mahakama hutazama mwenendo wa maisha ya marehemu. Kuna shauri la 1969, marehemu Mngoni, mke Mchaga, waliishi Dar es Salaam mbali na mila. Mahakama Kuu ikaona mila ya Kingoni haimhusu tena. Kwa hiyo nyumba ya mjini ya mzee wako, kama ipo, ni hadithi tofauti na shamba la mlimani.

Tatu, sheria ya ardhi ya vijiji, namba 5 ya 1999, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya ardhi. Kabla ya hapo, mwaka 1990 kule Mwanza, Jaji Mwalusanya alikwisha amua katika shauri la Ephrahim na Pastory kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake anaweza kuiuza kama mwanaume anavyoweza.

Nne, wosia. Mzee akiwa hai, aandike, mashahidi wawemo wa ukoo na wa nje ya ukoo. Nimezika faili nyingi mno ambazo karatasi moja ingeziokoa.

#12 Chapati_Moto

Basi jibu ni rahisi, mila zifutwe, wote tufuate sheria moja. Mtoto arithi kwa wazazi wake, kwisha.

#13 MwanaMatombo

Mkuu, hata mimi wiki ya kwanza nilisema hivyo, tena kwa sauti. Nyumba ya mjini haikuwa na shida, baba na mama waliijenga kwa mishahara yao na hakuna wa tombo aliyeigusa. Hati ya mama ipo. Kuhusu shamba nilifika mpaka kwenye ngazi za mahakama ya mwanzo nikiwa na bahasha ya madai mkononi, nikageuka. Nitawaambia kwa nini.

Shangazi yangu, ambaye mwanawe alipewa panga, ana miaka 74. Aliachika akiwa na watoto wanne, mdogo ananyonya. Alirudi Matombo na mtoto mgongoni, na hakuomba mtu yeyote ruhusa. Alikuta shamba, akalima. Watoto wake hawakuwa "wa kuja na mama", walikuwa wenye kwao. Linganisha na wajane na wanawake walioachika ninaowajua kwingine, wanazungushwa kati ya kwa mume na kwa kaka, kila mahali ni mzigo. Nikifuta mila hii kwa bahasha yangu, ninamfuta shangazi. Na shamba lile nikilichukua mimi leo, kesho ni la wanangu, ambao mama yao ni Mnyakyusa, na kesho kutwa ni la wajukuu ambao Matombo hawaijui hata kwa picha. Ndani ya vizazi viwili titi la bibi limekauka.

Lakini pia siwezi kusema yote ni sawa. Jasho la baba ni jasho la baba. Hapa wenzetu wa mbali wamefikiri vizuri. Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, Indonesia, ni mamilioni ya Waislamu wanaohesabu ukoo kwa mama. Wanatenganisha mali ya kale ya ukoo, ambayo hupita kwa wanawake, na mali ambayo mtu ameichuma mwenyewe, ambayo watoto wake hurithi kwa sheria ya dini. Ghana, kwa ajili ya watu kama Waasante wanaofuata ukoo wa mama, walitunga sheria namba 111 ya 1985: mali ya ukoo ibaki ya ukoo, lakini nyumba na alichochuma marehemu mke na watoto wapate. Kerala, India, wao walichagua njia ya Chapati_Moto. Wanayari walikuwa na nyumba kubwa za ukoo wa mama, na sheria ya 1975 ikazivunja, kila mtu akapewa fungu lake.

Mimi nilirudi kwa shangazi. Nikamkuta anaanika karafuu kwenye jamvi. Nikamwambia, mama, ardhi sitaki, lakini mikarafuu baba aliipanda. Akaendelea kuokota vikonyo bila kuniangalia, muda mrefu. Kisha akasema: "Ungemwoa mwanangu, yote haya yasingekuwepo. Wanao wangekuwa wa kwetu, shamba lingekuwa lao."

Nilielewa palepale kwa nini wazee walipenda ndoa ya mtoto wa shangazi. Nikimwoa binti wa shangazi, watoto wangu wanafuata mama yao, wanaingia tombo la baba yangu, wanarudi kwenye ardhi ya babu yao. Baba anampoteza mwana lakini anampata mjukuu. Kanisa haliruhusu ndoa hiyo bila kibali, na sishauri mtu, lakini ile hesabu ni ya watu wenye akili waliokuwa wanawapenda watoto wao na wanatafuta mlango wa kuwarudishia.

Mwisho alisema mikarafuu nitavuna mimi na wadogo zangu muda wote tutakapokuwa hai, nusu ya mavuno tunamwachia anayepalilia. Ikifa, hatupandi mingine. Mwanawe mwenye panga akaitwa, akakubali, mwenyekiti wa kitongoji akaandika. Basi.

#14 Nuru_ya_Mgeta

Kaka shikamoo. Mimi ni binti wa Kiluguru wa Mgeta, naolewa mwakani na kijana wa Machame. Nimeusoma uzi mara mbili na moyo unadunda. Nifanye nini?

#15 MwanaMatombo

Marahaba mdogo wangu, na hongera. Wewe uko upande ule mwema wa hesabu: watoto wako watakuwa wa Machame kwa baba na wa Mgeta kwako. Ila usiwaachie wakubwa wakajua hivyo peke yao. Siku washenga wanapokuja, mjomba wako aseme kwa kinywa chake mbele ya wakwe kwamba watoto watakaozaliwa wana kwao Mgeta. Wachaga watashangaa, waeleze. Uwafundishe wanao majina ya bibi zako mpaka unapoishia. Na hilo alilosema Sheria_Kijijini, mwandike mapema, msisubiri mvi. Mwambie mwenzio pia akuonyeshe kihamba kabla ya harusi na akuambie yeye ni wa ngapi kuzaliwa, @KihambaKimoja atakueleza umuhimu wake.

#16 KihambaKimoja

Kabisa. Na kama ni wa katikati, binti, mpende hivyohivyo, mtajenga Kibaha.

#17 MwanaMatombo

@MwanaKwale, swali lako sikulijibu kwa sababu lilikuwa halina jibu. Sasa lina.

Mke wa Kichaga huzikwa kwenye kihamba cha mumewe. Mama yangu mumewe hakuwa na kihamba, alikuwa na sehemu kwenye ardhi ya mama yake. Marangu nako yeye ni binti aliyeolewa, aliagwa kwa machozi na vigelegele zaidi ya miaka 45 iliyopita. Tangu msiba alikuwa hasemi, lakini dada yangu alimsikia usiku akihesabu kwa sauti ya chini nani atamkubali.

Jumamosi iliyopita tulipanda naye mlima. Alikwenda polepole, anashika mkono wangu kwenye mawe. Shangazi alikuwa anatungoja juu na jembe begani. Hawakusalimiana sana. Akamshika mama mkono, wakaenda wawili mpaka makaburini, sisi tukabaki nyuma. Shangazi akasimama upande wa kushoto wa kaburi la baba, akakwatua nyasi kipande cha kama hatua mbili kwa tatu, akang'oa na visiki vidogo viwili, akavitupa pembeni. Akamwambia mama: "Hapa, wifi."

Mama akatoa kwenye mkoba mche wa sale aliokuja nao kutoka Marangu, umefungwa kwa kitambaa kibichi. Hakuna aliyejua kama anao. Shangazi akauangalia, akachimba shimo mwenyewe.